Mtani Hazingirwi

Jumatatu, 2 Februari

Mlabani, Ifakara. Chumba cha nyuma ya steshenari ya Dada Aikande. Watu wanne, feni moja. Feni inamwelekea Fridolin. Kwa nini? Hakuna anayejua.

Leo Dada Aikande, mwenye duka na mwenye gemu, ametangaza. Gemu letu la kujenga mji wa zama za kuta na mikuki litaonyeshwa Morogoro wiki ijayo. Ataondoka na mtu mmoja tu. Jumamosi atatazama kazi zetu: mimi mtu wa vita vya kuzingira mji, Fridolin mtu wa diplomasia. Atakayempendeza ndiye atasafiri, na jina lake litatangulia kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu.

Miezi minane nimejenga vita hivi! Ngazi za kupandia ukuta. Magogo ya kuvunjia lango. Mitambo ya kurusha mawe, na kila jiwe lina uzito wake. Njaa inaingia mjini polepole mpaka watu wanachemsha ngozi za viti. Fridolin kajenga nini? Watu kusalimiana.

Halafu Sada, anayetujaribia gemu, kacheka kwenye diplomasia yake mpaka akafuta machozi. Kwenye vita vyangu alipiga miayo. Mara mbili.

Wivu? Mimi? Haya, ndiyo. Ninao, umenifika kooni.

Jumanne, 3 Februari

Nimejua kilichomchekesha Sada. Fridolin kaweka utani kwenye gemu! Miji iliyowahi kupigana ikipatana, inakuwa watani. Mtani anaingia mjini kwako bila hodi, anabeba kuku, anamsema mtemi mbele ya watu wake, anaondoka. Kukasirika mwiko. Ukifiwa, huyohuyo ndiye wa kwanza kufika kuchimba kaburi, na anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka. Kila mji una namba yake. Sifuri ni wageni, kumi ni watani kamili.

Ni wazo zuri. Linaniuma kama jipu. Tena si wazo, ni maisha yangu! Baba yangu ni Mhehe aliyekuja bondeni kukata miwa. Baba yake Fridolin ni Mngoni aliyefuata miwa hiyohiyo. Wazee wetu walichinjana, sisi tunataniana. Kwa hiyo mchana Fridolin kafunua hotpoti yangu, kala kipande chote cha samaki wangu, kitoga wa mtoni, na nusu ya wali, kisha akaniita mimi, Nazari, mateka wa babu yake. Sada kacheka. Dada Aikande kacheka. Na mimi nikacheka, maana mtani hakasirikiwi. Meno nje, moyo unachemka.

Yeye ndiye anaitwa mbunifu, na samaki alikuwa wangu.

Jumatano, 4 Februari

Mbinu ndogo ya kuanzia. Nimewahi saa moja kasoro, nikaigeuza feni inielekee mimi. Michoro yangu yote ya ngazi ikapeperuka, ikatua kwenye ndoo ya kudekia. Fridolin kaianika kwenye kamba, karatasi moja moja, kwa vibanio vya nguo. Kafanya kwa wema kabisa. Simpendi.

Kisha akarudi kwenye feni yake, akaongeza kiboko kwenye mto wa gemu. Nani kamtuma? Hakuna.

Alhamisi, 5 Februari

Mbinu kubwa!

Fridolin kaenda Kivukoni kumchukulia mama yake samaki. Laptopu kaiacha wazi, haina hata nywila. Mtu wa diplomasia bwana, anaamini watu. Nimefungua faili lake, nikatafuta namba ya utani kati ya mji na adui zake, nikafuta sifuri, nikaweka kumi. Adui wote! Jumamosi kila mpita njia ataingia na kubeba kuku. Ghala litabaki vumbi. Mtemi atasemwa mpaka avue taji. Dada Aikande ataona utani ni upuuzi mtupu, ndipo nitafungua vita vyangu. Mawe. Moshi. Heshima.

Nimenunua soda kujipongeza. Fridolin karudi, kainywa.

Jumamosi, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Dada Aikande alisema tuanze na vita. Mimi nilitaka niwe wa mwisho, lakini nani anakataa kutangulizwa? Jeshi langu likafika ukutani. Askari elfu mbili. Ngazi, magogo, mitambo kumi na miwili. Nikakunja mikono kifuani, nikasubiri jiwe la kwanza.

Lango likafunguka. Lenyewe!

Kuna jambo dogo nililolisahau. Gemu ni moja, na adui mkubwa wa mji ule ni jeshi langu mwenyewe. Askari wakalaza ngazi chini, wakaingia, wakabeba kuku. Elfu mbili, kila mtu na kuku wake kwapani. Jemedari wangu, ambaye kovu lake nililichora siku tatu, akamwambia mtemi kwamba tumbo lake limezidi mji wake. Mtemi akacheka. Wakapewa togwa. Wakaenda zao nyumbani.

Sada aliteleza kutoka kwenye kiti. Dada Aikande alishika mbavu.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza, uso mkavu, nani amegusa namba ya utani. Fridolin akasema si yeye, akanitazama. Nikajua nimekwisha. Nikasema si mimi. Nikaapa kwa marehemu bibi. Nikaona haitoshi, nikakimbilia dukani mbele, nikachukua Biblia ya kuuza, bado imo kwenye nailoni, nikaiapia.

Dada Aikande akasikitika. Akasema tangu tuanze gemu hili hajaona kitu kizuri kama kile: mji umezingirwa, ukaokoka kwa kumgeuza adui kuwa mtani. Aliyefanya vile ndiye ambaye angeenda naye Morogoro. Lakini kwa kuwa faili ni la Fridolin, basi aende Fridolin.

Fridolin akaninong'oneza kwamba angenisemea, ila ameiogopa Biblia.

Jumatano, 11 Februari

Somo nimelipata. Kiri! Kiri upesi, kabla mwingine hajakiri.

Mchana Dada Aikande kapiga simu kutoka Morogoro, Sada kaiweka spika. Kauliza nani aliweka kiboko mtoni. Nilijua ni wa Fridolin. Nilijua! Lakini Fridolin yupo huko ubavuni kwake, kakaa kimya, sifa zimelala wazi hazina mwenyewe. Nikaruka. Mimi! Wazo langu, kazi yangu, kiboko wangu. Biblia bado ilikuwa mezani, nikaiapia tena.

Ndipo akaeleza. Kiboko alitoka mtoni mbele ya wageni, akala lango, akamla mtemi, akala na vitufe vya kuzimia gemu. Kila kitu kikaganda. Wageni wakaenda kunywa chai, hawakurudi. Jina langu limetolewa kabisa ukurasa wa kwanza. Mpaka Pasaka kazi yangu ni kumwinda kiboko huyo ndani ya mafaili ya Fridolin.

Fridolin katuma ujumbe. Ahsante mtani, umenibeba, siku yako ikifika kaburi nitalichimba mwenyewe.

Kashinda yeye tena! Hata kaburi langu ni kazi yake!

Sasa nimeinua macho. Mtu hayupo, na feni bado inapepea kiti chake kitupu. Haiwezekani. Kesho nawahi saa moja kasoro, naigeuza. Michoro ya ngazi imekauka vizuri, nimeshaipanga yote hapa mezani kwangu.