Vidirisha Visivyoachana

Jumatatu, 9 Aprili 2012
Pasaka imekwisha. Kichwa kinauma, lakini akili iko juu. Hajati Ruqiyo anafungua studio ya pili ya picha kule mtaa wa Juba na Bari na anatafuta msimamizi. Hapa mtaa wa Malakia, jijini Juba, tuko wawili tu: mimi, Kizza, mwenye cheti cha kompyuta kutoka Kampala, na Fulgensio, mwenye kaptula ya kaki. Kuna haja ya kuuliza?

Wiki hii tunatengeneza video ya kuonyeshwa kwenye harusi ya Adau na Ruach. Kila upande umeleta picha zake. Hajati ana sheria: watu wa bibi harusi waje asubuhi, wa bwana harusi alasiri, na upande mmoja usione picha za mwenzake mpaka mahari imalizwe. Fulgensio anaifuata kama katekisimu. Anafungua folda, anaifunga, anafungua nyingine. Petroli ya jenereta imeadimika, yeye anafungua na kufunga! Mimi nitaunda programu. Vidirisha viwili kwenye skrini moja, bibi harusi kushoto, bwana harusi kulia. Ukibofya folda huku, ya jina hilohilo inafunguka kule. Hajati atanikumbatia, dini ikiruhusu.

Jumanne, 10 Aprili
Vidirisha vinafanya kazi. Kinachonitesa ni kitufe cha kuviunganisha na kuvitenganisha. Nilichora mnyororo. Hajati akauliza hiyo soseji ni ya nyama gani. Nikaacha picha, nikaweka rangi: kijani vimeungana, nyekundu vimeachana. Fulgensio akauliza kama kijani maana yake vimeungana tayari, au vitaungana akibofya. Swali la kijinga kabisa. Nimelifikiria mchana kutwa na sina jibu.

Redio inasema jeshi la nchi hii limeuteka mji wa mafuta mpakani. Mtaa mzima unapiga honi. Mimi niko na soseji yangu.

Jumatano, 11 Aprili
Nimepata! Kitufe kinachanganya watu, basi nimekiondoa. Sasa vidirisha vimeungana moja kwa moja. Hakuna cha kubofya, hakuna cha kuuliza. Fulgensio akauliza tena: na mtu akitaka kuvitenganisha? Nilimwambia akapanguse lenzi.

Ruach alipita akiwa na magwanda. Kikosi chake kinaondoka Jumatatu kwenda mpakani. Wazee wakimaliza mambo ya mahari, ndoa itafungwa Jumapili. Wasipomaliza, Adau atasubiri mpaka arudi, kama atarudi. Alisema hivyo taratibu, akitazama viatu vyake. Nikamwambia asijali, programu yangu itaharakisha mambo.

Alhamisi, 12 Aprili
Balaa. Baba mdogo wa Adau, msemaji wa upande wao, alikuja asubuhi kama sheria inavyotaka. Alitaka kuona picha ya nyanya wa Adau. Akabofya folda ya Nyumbani. Kushoto, nyanya. Kulia, Nyumbani kwa kina Ruach: ng'ombe! Tena si wale waliotajwa kwenye kikao cha mahari. Ni wa akiba, waliofichwa kambi ya mifugo ya mbali, pamoja na lile dume jeusi lenye baka jeupe ambalo kina Ruach waliapa limeibwa.

Nikakimbilia kutenganisha. Kwa kitufe gani? Nikabofya Rudi, vyote viwili vikarudi. Nikabofya Mbele, ng'ombe wakaja wakubwa zaidi. Nikavua shati nikafunika skrini. Mzee akalisogeza kwa fimbo yake, akatazama vizuri, akaondoka bila kuaga. Jioni tukasikia mazungumzo yamevunjika. Kina Ruach ni waongo, harusi hakuna.

Ijumaa, 13 Aprili
Hajati hakunigombeza. Alinirudishia shati langu likiwa limekunjwa, na hiyo ni mbaya zaidi. Fulgensio akaniletea chai. Mnafiki.

Adau alikuja peke yake. Akasema, "Kizza, huyu mtu anakwenda vitani Jumatatu. Nataka aende akiwa mume wangu." Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia malesh, yaani samahani. Akanijibu kwamba malesh yangu haifungi ndoa. Kisha akauliza kama kulia nako kunafungua kushoto. Nikasema kwa fahari kwamba programu yangu haina upendeleo. Akaniamuru nisiguse chochote mpaka kesho.

Jumamosi, 14 Aprili
Alasiri Adau alimleta Duop, kaka wa Ruach, eti achague picha za video. Duop akabofya Nyumbani. Kulia, ng'ombe wake. Kushoto, nyanya wa kina Adau amekaa uani, na nyuma yake vigingi vipya vya kufungia ng'ombe, safu kwa safu, vimeshapigwa ardhini! Idadi yake ni sawasawa na ya ng'ombe waliotajwa kikaoni, hata kigingi kimoja hakikuzidi. Kumbe wazee wa kina Adau walishakubali idadi hiyo zamani, walikuwa wanavuta muda tu. Duop alicheka mpaka akashika meza.

Akaenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Waliyosemezana siyajui. Ninachojua ni kwamba dume jeusi liliongezwa kwenye mahari ili mzee asiaibike, na kabla ya giza vigelegele vikasikika mpaka kwetu. Khalas, yameisha!

Jumapili, 15 Aprili
Wamefunga ndoa. Wakati wa kula Adau hakumwachia Ruach mkono, akawa anamlisha. Moyo uliniuma kwa kesho yao. Niliumia sana mpaka nikasahau kutoa kifuniko cha lenzi. Picha za karamu ni nyeusi zote. Bahati Fulgensio naye alikuwa anapiga, kwa tabia yake ya kujipendekeza.

Jumamosi, 21 Aprili
Jana redio ilitangaza kwamba jeshi linarudi kutoka mpakani. Leo Ruach amempigia Adau simu: ni mzima, yuko njiani. Adau alikuja kutuambia, akilia na kucheka pamoja. Nami nililia, sioni haya. Hajati akanunulia kila mtu soda, kisha akamkabidhi Fulgensio ufunguo wa Juba na Bari. Upendeleo mtupu! Ndoa ile nani aliiokoa kama si mimi?

Sijakata tamaa. Mchana amekuja mteja mpya, Constantine, dereva wa lori. Ana mke hapa Malakia na mwingine Juba na Bari, na hawajuani. Anataka tumtunzie picha za nyumba zote mbili, kila mke aje kutazama zake kwa wakati wake. Nimemwambia aondoe wasiwasi, programu ninayo. Nimeshawapigia simu wote wawili waje Jumatatu asubuhi, tuokoe petroli.