Jicho la Bibi na Sentensi Isiyomalizika

Jumamosi, 1 Machi

Hasira! Tena hasira za asubuhi, hata chai haijashuka tumboni. Mteja kaja karakana yetu ya makochi kuuliza kochi lake litakuwa tayari lini. Kabla sijafungua mdomo, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mkata kitambaa wangu na mzigo wangu wa maisha, akamjibu kwamba Jumatano, Mungu akipenda. Mteja akatabasamu, akaenda zake. Akatabasamu! Kochi lenyewe bado ni mbao tupu.

Nikamwambia shemeji kwamba Mungu hapigi pini. Mungu hakati sponji. Kochi litakuwa tayari sisi tukilitengeneza, na halitakuwa tayari yeye akiendelea kunywa chai. Akasema haya, shemeji, Mungu akupe subira. Huyu mtu!

Msimamo wangu unajulikana mtaa mzima, maana nimeutangaza mwenyewe. Sina dini. Sihitaji kutishiwa moto ndipo nisiibe, wala kuahidiwa pepo ndipo nimsaidie jirani. Nina akili na nina utu, vinatosha. Kwa hiyo kuanzia leo hilo neno Mungu silitamki hata kwa mazoea. Si kwa mshangao, si kwa kiapo, si kwa kuagana. Nikajisikia mwepesi. Nikarudi kwenye mashine ya pini za kukazia kitambaa, nikajipiga pini kwenye kidole gumba.

Nilichopiga kelele ni "Mungu wangu!" Shemeji, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akasema amekusikia.

Jumapili, 2 Machi

Shemeji yuko kwenye ibada yake. Jengo limetulia. Nikapita kwa Bibi, mzee wetu anayekaa peke yake, mlango unaotazamana na karakana. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Watu anawajua kwa sauti, chumvi anaijua kwa kuilamba. Mwanawe yuko mbali, amemtumia kwa simu picha ya mjukuu aliyezaliwa juzijuzi, na kila anayeingia Bibi anampa simu amweleze mtoto alivyo. Wote wamemwambia malaika. Shemeji kamwambia malaika mtupu. Mimi nikaitazama vizuri, nikamwambia ukweli: mtoto ana kichwa kikubwa. Bibi akachukua simu yake. Vibaya au vizuri, sisi watu wa akili hatudanganyi wazee.

Akaniambia Alhamisi anapasuliwa jicho la kwanza. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine, naye atangoja mpaka mwakani, na daktari kasema mwakani huenda jicho likawa limeshaharibika moja kwa moja. Hataki makubwa. Anataka kumwona huyo mtoto kabla yeye mwenyewe hajafa.

Ndipo akaingia shemeji, katoka ibadani, ananukia marashi. Bibi akamuuliza kama atampeleka Alhamisi. Akajibu: Mungu akipenda, Bibi.

Jibu lile lile la kochi! Nayajua makochi ya huyu mtu. Lipo moja kwenye kona ya karakana limekaa mpaka panya wamezaa ndani. Mama wa watu atapofuka huku anaambiwa Mungu hajapenda! Nimeamua. Nampeleka mimi. Mtaa mzima utaona utu usio na dini unavyofanya kazi, na shemeji ataona wa kwanza.

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwendea Bibi nikamwambia Alhamisi nakupeleka. Akashukuru, kisha akabaki anangoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema hujamaliza sentensi, mwanangu.

Nikamwambia nimemaliza. Nakupeleka, nukta. Akasema mtu anayeitaja siku ya mbele bila kusema Mungu akipenda, ama anatania ama hana mpango wa kuja. Lakini kama neno lenyewe linanishinda, basi niape. Nikaapa kwa akili yangu. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama sina kitu kizito zaidi cha kuapia.

Hapo nilipandwa na mori. Nikamweleza pale pale koridoni, mlango wazi, kwamba watu walijua kutunzana kabla kitabu chochote hakijaandikwa. Kwamba huyo Mungu kama yupo na ana huruma, basi aeleze habari za mtoto wa jicho. Kwamba Mungu hivi, Mungu vile. Milango ikaanza kufunguliwa huko juu. Fundi viatu wa chumba cha pembeni akaniomba nipunguze sauti. Bibi akasema haya mwanangu, tutaona. Asiyeona ananiambia tutaona!

Jioni mke wangu kaniuliza ningepungukiwa nini kumtamkia mzee neno moja akalala vizuri. Nikamwambia ni suala la msimamo. Akaniuliza huo msimamo unamsaidia nani kuona. Kuna maswali hayana adabu.

Jumatano, 5 Machi

Mteja wa kochi kaja. Kochi halijaisha. Shemeji akamwambia Mungu hakupenda. Mteja akasema basi, yote mipango yake, akaondoka kwa amani! Hajafika mbali, akaja daktari wa meno kufuata kiti chake, nilichomwahidi leo bila kumtaja yeyote wa juu. Nacho hakijaisha. Huyo alinitukana mbele ya watu: mwongo, tapeli, fundi gani wewe. Sasa haki iko wapi? Kosa ni lile lile, ila mwenzangu ana wa kumsingizia!

Lakini mpango wa kesho umekamilika. Mwenye duka la rangi kaniazima pikapu yake. Asubuhi itakuwa mlangoni pa karakana, ufunguo ndani. Na shemeji nimemwambia amalize lile kochi leo leo, kesho mapema alipeleke kwa mteja, ambaye anakaa mwisho kabisa wa mji. Kwa hiyo hatakuwepo. Si anasema Mungu akipenda? Basi safari hii namsaidia Mungu kutopenda.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya nuksi hii!

Nilifika kwa Bibi nimevaa shati langu la kutokea. Yuko tayari, gauni limenyooshwa, mkoba mapajani. Nikasema twende. Akasema anamngoja shemeji yangu. Nikamwambia haji. Akasema lakini aliahidi, alisema Mungu akipenda. Nikamwambia Mungu hajapenda, nina uhakika. Akasema basi apa, mwanangu. Neno moja tu, nijue nimeshikwa mkono na mtu ambaye kuna kitu anakiogopa.

Neno moja tu. Nikafungua mdomo, ikatoka hotuba. Ile ya Jumatatu, pamoja na nyongeza. Nilikuwa nimefika mahali pa kueleza kwa nini woga si msingi wa wema, ndipo nikasikia injini ya pikapu. Nikatoka mbio. Shemeji alikuwa anakata kona, kochi limefungwa kamba nyuma, ananipungia mkono. Nilimwambia apeleke kochi mwisho wa mji. Sikumwambia kwa gari gani. Kakuta pikapu mlangoni, ufunguo ndani, kamshukuru Mungu, kaondoka.

Kurudi ndani, Bibi analia. Hakunilaumu hata kidogo. Alikuwa anasema tu jicho langu, jicho langu, kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliona aibu. Nikakimbilia barabarani kutafuta teksi. Zote zina watu. Moja ikasimama. Kioo chake kina kibandiko kikubwa kinachosema dereva wa gari hili ni Mungu. Nikamuuliza kijana aliyeshika usukani, sasa wewe unafanya nini hapo? Akapandisha kioo, akaondoka.

Niliporudi mlango wa Bibi una kufuli. Fundi viatu akaniambia mke wangu keshamchukua, wamepanda teksi. Nikamuuliza teksi gani. Ile ile! Yenye kibandiko!

Kumbe Jumatatu, baada ya hotuba yangu, Bibi alimwita mke wangu pembeni akamuuliza kama atampeleka, endapo wanaume watashindwana. Mke wangu akamjibu haya. Basi. Haya! Hakumtaja Mungu, hakuitaja akili, hakuapa kwa chochote. Na Bibi akaridhika! Mbona yeye hakudaiwa amalize sentensi? Huu ni uonevu.

Ijumaa, 7 Machi

Bandeji imetolewa. Bibi anaona.

Tulikuwa chumbani kwake wote. Alimshika mke wangu mashavu kwa mikono miwili, wakatazamana, wakalia. Akamwambia shemeji anyoe zile ndevu. Kisha akaniangalia mimi akauliza huyu mfupi ni nani. Tulihamia hapa macho yake yakiwa yameshafunikwa, hajapata kuniona. Nikasema ni mimi. Akashtuka. Akasema sauti yote ile inatoka humo? Akasema jengo zima hakuna anayemtaja Mungu kutwa kucha kama mimi, na kwamba shemeji ukimweka karibu yangu anaonekana mpagani. Shemeji akatoka nje kwenda kucheka. Nilimsikia.

Halafu akaomba simu. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Akasema wote walinipa malaika, mmoja tu ndiye aliyenipa kichwa kikubwa. Na kweli ni kikubwa, akasema, ni kichwa cha marehemu babu yake kabisa, ndicho nilichokuwa nakitafuta. Akanishika mkono, akanishukuru. Mimi! Shemeji hakuwepo kushuhudia, yuko nje anacheka. Hata bahati yangu inanionea.

Ningeishia hapo ningelala mtu mwenye heshima. Lakini Bibi akasema jicho la pili ni mwezi ujao, akamgeukia mke wangu. Mke wangu akavuta pumzi kusema haya lake. Nikamwahi. Nikasema nitampeleka mimi. Bibi akanitazama, akangoja mwisho wa sentensi. Nikakataa katakata. Nikaanza kumweleza upya, tangu mwanzo, taratibu, kwa hoja. Nilipofika kwenye woga si msingi wa wema, alilifumba lile jicho lake jipya.

Sawa. Mwenye duka la rangi nimeshaongea naye kuhusu pikapu. Safari hii ufunguo nitakaa nao mfukoni. Shemeji nitamtafutia kochi la mbali zaidi. Mke wangu nitamtuma akamsalimie mama yake. Na Bibi nitampeleka mimi, kwa akili yangu na utu wangu peke yake, haki ya Mungu!