Kikuba Nilichomfungia Furaha

Wapendwa, majani yameniumbua leo. Ndiyo, majani. Nimejifungia jikoni kwa dada yangu hapa Katindo, Goma, nimevaa kitenge kipya ambacho sina hamu ya kukivaa tena, nawaandikia hapa kundini huku wanawake sebuleni bado wanacheka. Nawasikia. Mmoja wao anaigiza sauti yangu, na anaiweza.

Nianze mwanzo, ili mjue sikuwa na nia mbaya.

Mdogo wangu Furaha ameolewa leo. Tuko dada watatu: Mwajuma mkubwa, mimi wa kati, Furaha kitinda mimba. Aliyetulea ni Bibi, mama yake mama, mtu wa Kasongo kule Maniema. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akamleta mpaka Kalengera, kando ya barabara kuu ya Rutshuru. Kule Kalengera Bibi alikuwa na safu nzima ya mirehani mlangoni, na kwake msichana haolewi bila kikuba, yaani kile kifungu kidogo cha mrehani na maua kinachobandikwa kifuani mwa bibi harusi. Nyama ya harusi ingeweza kukosekana. Kikuba, hapana.

Halafu vita vya 2008 vikatukimbiza. Tulitembea siku tatu, magodoro kichwani, mpaka kambi ya Kibati. (Mimi nilibeba sufuria, na ndani ya sufuria nilikuwa nimeficha paka, lakini hiyo ni aibu nyingine.) Pale kambini, mbele ya kibanda chetu cha shitingi, yale maturubai ya msaada, Bibi alipanda mmea ndani ya kopo la mafuta. Nilikuwa na miaka kumi. Kila asubuhi alinituma niumwagilie kikombe kimoja tu, kwa kuwa maji tuliyapangia foleni. Alinifundisha kukata ncha za maua ili majani yazidi. Jioni alitupaka majani miguuni kwa ajili ya mbu. Na humo humo kambini Mwajuma akaolewa, Bibi akamfungia kikuba. Nakumbuka nilipenyeza pua kifuani kwa dada, nikanusa mpaka nikafukuzwa. Kambi nzima ilinuka moshi na vyoo, lakini dada yangu alinukia nyumbani.

Bibi alifariki miaka minne baadaye. Kopo lilipotea tulipokuwa tunahama hama, na aliyepewa kulibeba ni mimi. Hilo nimelibeba rohoni muda mrefu kuliko nilivyolibeba kopo lenyewe.

Sasa, miaka mitatu iliyopita nilikwenda Kibati kwenye msiba. Nimesimama kando ya ukuta wa mawe ya lava, watu wanasali, mara upepo ukaleta harufu. Ile ile! Nikaacha sala. Nikapiga magoti kwenye majani, nikang'oa mche na mizizi yake, nikaufunga ndani ya kilemba changu. (Wafiwa walidhani nimezidiwa na huzuni. Mmoja alinipa maji.)

Nikaupanda ndani ya kidumu cha njano nilichokikata nusu. Udongo wetu wa Goma mnaujua, ni mawe yaliyochoka, kwa hiyo nilichanganya na samadi ya mbuzi. Nikamwagilia asubuhi, kikombe kimoja. Nikakata maua. Mmea ukashika, ukawa kichaka. Hapo ndipo nikaharibika tabia. Jirani akikohoa, nampelekea majani achemshe na tangawizi. Mtoto akizibwa pua, namfunika blanketi na sufuria ya mvuke. Nilikausha majani kivulini, nikayafunga kwenye karatasi, nikawagawia watu huku nikiwapa na hotuba: huu ni mrehani wa Bibi yangu, umetoka Kasongo, umepita Kalengera, umepita vita. Kila mgonjwa alimeza historia pamoja na chai.

Na vita vilipoingia mjini mwezi wa kwanza mwaka huu, risasi zikawa zinapita juu ya mabati yetu, nilikiburuta kile kidumu mpaka chini ya kitanda. Gunia la maharage nililisahau nje. Mume wangu bado analitaja.

Basi Furaha akachumbiwa. Mama Ramazani, mama wa bwana harusi, ni mtu wa Kasongo pia, mama mnene mwenye heshima zake, anayetazama chakula kabla ya kukigusa. Siku ya kuja kujulishana alitutazama dada wote watatu, akauliza kwa upole kabisa:

"Mila yenu ingali iko, ao ilibakiaka ku barabara?"

Niliumia. Mwajuma aliinamisha uso. Mimi nikajibu kwamba kikuba cha mtoto wetu atakiona, na mrehani ni ule ule wa nyumbani. Mbele ya wote. Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Nilitaka mama yule aone kwamba tulikimbia, ndiyo, lakini hatukutupa kila kitu.

Leo asubuhi nikakata kichaka chote. Majani mengine nikayatia katika maji ya kuoga ya Furaha, mengine nikayatandaza chini ya mto wake. Matawi bora nikayafunga na waridi, kwa uzi mweupe, jinsi Bibi alivyokuwa akifunga. Nikambandika kifuani. Furaha akapiga chafya. Nikasema ni furaha. Akapiga nyingine tatu.

Sebule ilijaa wanawake, wa kwao upande mmoja, wa kwetu upande mwingine. Na katikati, kwenye kiti cha heshima, alikaa Bibi Sifa, mdogo wake Bibi, aliyefika jana kutoka Bukavu. Macho yake hayaoni tena vizuri, lakini kwetu mkubwa wa nyumba ndiye hunusa kikuba na kumwombea dua bibi harusi kabla hajatoka. Kwa hiyo alisubiriwa yeye.

Mngeniacha hapo, ningekuwa mtu mwenye heshima mpaka sasa. Lakini nilisimama. Nikaomba dakika mbili. (Nilitumia kama kumi.) Nikaeleza Kasongo, nikaeleza Kalengera, nikaeleza kopo, ukuta wa lava, risasi na kidumu chini ya kitanda. Nikamgeukia Mama Ramazani, nikasema baadhi ya vitu barabara haiwezi kuvichukua. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mmoja alifuta machozi. Niliketi nikiwa nimejaa kama puto.

Furaha akapiga magoti mbele ya Bibi Sifa. Bibi Sifa akainama, akasogeza pua kwenye kikuba, akavuta pumzi. Akavuta tena. Halafu, kwa sauti ya mtu ambaye masikio yake nayo yamepungua, akauliza:

"Nani njo aliwekea mutoto majani ya kuku?"

Sosi ilisikika ikichemka uani.

"Iyi haiko rehani," akaendelea. "Rehani inanukiaka karafuu. Iyi ni kivumbasi. Kwetu tuliwekaka mu kibanda ya kuku, viroboto vikimbie."

Wapendwa, nilitazama sakafu nikaomba lava ije. Upande wa wakwe mtu alianza kucheka puani. Furaha akapiga chafya. Nikaanza kuwahesabu majirani wote waliokunywa dawa ya viroboto kwa maneno yangu, na baadhi yao walikuwa humo humo ndani, wananitazama. Mama Ramazani hakucheka. Alikuwa anatutazama tu, na mimi nikajua tumekwisha, tumekuwa wale watu ambao mila yao ilibaki barabarani. Nikanyoosha mkono nikitoe kile kikuba.

Bibi Sifa akanipiga mkono. Alikuwa ananusa tena, taratibu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza mmea niliutoa wapi hasa. Nikamwambia Kibati. Akauliza nilijuaje kuwa ndio. Nikamwambia kwa harufu, kwa kuwa hii ndiyo aliyofungiwa Mwajuma, sikuisahau.

Hapo bibi wa watu akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, na machozi pia yanamtoka, vyote kwa pamoja. Akatueleza kwamba siku ya harusi ya Mwajuma alikuja kambini, akakuta dada yake amefunga kikuba cha kivumbasi, cha kuokota kando ya njia, kwa sababu mirehani yote ilibaki Kalengera. Alipofungua mdomo aseme, dada yake alimvuta nyuma ya shitingi.

"Akanishika mukono nguvu," alisema Bibi Sifa. "Akaniambia: nyamaza, Sifa. Mutoto wangu hataolewa kama mukimbizi."

Akakaa na siri hiyo miaka kumi na saba. Leo imemtoka.

Nililia, siwafichi. Miaka yote hii nilijua pua yangu inamkumbuka Bibi, na kweli haikukosea hata kidogo. Bibi ndiye aliyetudanganya, kambi nzima, bila hata kukunja uso, ili dada yetu atoke kichwa juu. Natamani angekuwepo nimuulize alijizuiaje kucheka.

Mama Ramazani akainuka. Alikuja mpaka kwa Furaha, akainama kwa shida, akanusa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye aliolewa wakati wa vita vya 96, hina hakuna, wakamchora mikono kwa wino wa kalamu, na mpaka leo mume wake anajua ilikuwa hina ya Kisangani. Alituomba tusimwambie. (Samahani, Papa Ramazani, kama uko kwenye kundi hili.) Akauliza kama tubadilishe kikuba, waridi peke yake zingetosha.

Furaha akaweka mkono kifuani.

"Muache," alisema. "Iyi njo ya Bibi."

Akatoka nacho. Bibi Sifa akamwombea dua, vigelegele vikapigwa, na bibi harusi akaenda kwa mumewe akipiga chafya kila hatua tatu, mzuri kuliko wote niliowahi kuona.

Kwa hiyo majirani mliokunywa chai yangu, nisameheni, ila naona hakuna hata mmoja mwenye viroboto. Na wengine wote nawaomba msinicheke. Kama lazima mcheke, mchekeni Mwajuma, yuko pale sebuleni amenuna. Mimi nimeumbuka leo tu. Yeye kaolewa na majani ya kuku miaka kumi na saba, na alikuwa akitusimulia kila mwaka jinsi alivyonukia.