Mama wa Wageni, Daraja la Pili

Mimi, Mwamini wa Kasulo, ni mama wa kwanza katika jimbo lote la Lualaba kuteuliwa kwa barua yenye kashe tatu, yaani mihuri. Sawa, kashe mbili. Ile ya tatu ni doa la sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, lakini ni duara vizuri kabisa, na mlinzi wa lango la hospitali huliheshimu kuliko zile mbili.

Barua ilitoka kwa Direkta Polycarpe, mzaliwa wa Lubudi, humu humu jimboni, mkuu wa Ofisi ya Faraja ya Mgonjwa Mgeni. Ofisi hiyo iliundwa kwa sababu wageni walilalamika sana. Mnawajua: mafundi na wainjinia wanaofuata shaba yetu na kobalti yetu, wenye kofia ngumu na chupa za maji. Malalamiko yao yalijaza makabati mawili, na yote yalikuwa hadithi moja. Mgeni anafika hospitalini na homa, anatoa kadi ya asiransi, yaani bima, muuguzi anaigeuza kadi mbele na nyuma, kisha anamwuliza: "Batu yako beko wapi?"

Watu gani? Watu wa kukulinda. Kwetu mgonjwa asiye na mtu wa kumlinda si mgonjwa, ni mzigo uliosahauliwa na gari. Nani atachota maji? Nani ataleta beseni, mbabula na makala ya kupikia? Nani atavuka barabara kwenda famasi kununua glavu za munganga na uzi wa kushonea? Nani atatia saini karatasi ya kupasuliwa? Kadi haiwezi kuchota maji. Tulijaribu.

Wengine wangefikiri dawa ya jambo hili ni hospitali kununua glavu. Direkta Polycarpe hakusoma bure. Alikaa na komite yake wiki sita, chakula cha mchana kikiletwa, wakagundua kwamba wageni hawakosi matibabu. Wanakosa ukoo. Akatangaza kwa redio kwamba tangu siku ile kila mgeni atakayelazwa hospitali yetu ya Kolwezi atapewa mama na serikali.

Tulifanya mtihani wanawake kumi na wawili. Swali la kwanza: lia. Swali la pili: nyamaza. Nilipita yote mawili, ingawa la pili kwa taabu, nikawa Mama wa Daraja la Pili. Daraja la Kwanza ni kwa ajili ya mabalozi, na limeshikwa na shangazi wa Direkta, ambaye mpaka leo anangoja balozi augue.

Siku ya kugawa barua, Direkta alikohoa mara tatu, kama anavyokohoa kila mara kabla ya kusema neno kubwa, akatangaza: "Katika jimbo hili hakuna haja ya kupanda ndege kutafuta munganga. Mimi mwenyewe nikiugua, nitalala Pavioni Tatu, pamoja na wananchi."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Pavioni Tatu ni pale ambapo wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na shuka inafanya kazi ya zamu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa heshima, kwa hiyo uso wa Direkta sikuuona sana. Niliona viatu. Ngozi ya mamba, ncha ndefu, vyenye bizimu za dhahabu. Bizimu ya kushoto haikuwepo.

Kisha akatusomea sheria. Ibara ya saba: Chumba cha Ekspatrie, chenye grupu yake ya kuzalisha umeme, klimatizeri ya kupuliza baridi, na kitanda pekee cha hospitali ambacho magurudumu yake yote manne yanazunguka, ni cha wageni tu. Ibara ya nane: mgeni hatalazwa Pavioni Tatu, kwa maana atapiga picha. Ibara ya tisa: hakuna atakayelala Chumba cha Ekspatrie bila mama wa serikali kando yake. Ibara ya kumi: kitanda ambacho mgonjwa ameshuka kwa miguu yake mwenyewe kinahesabiwa kitupu. Ibara ya tisa aliisoma mara mbili, kwa fahari.

Basi, Alhamisi iliyopita Rachelle, muuguzi mkuu, alinipigia simu.

"Mama Mwamini, kuya mbio. Leo uko na batoto babili."

"Mapasa?"

"Hapana. Mumoja ni wa chumba, mumoja ni wa koridori."

Nilipanda pikipiki na beseni kichwani, mbabula mapajani na sufuria ya sombe katikati. Nilifika saa saba na nusu.

Mtoto wa koridori aliitwa Gonzalo, fundi wa mashine za kusaga mawe, kutoka Chile, ambako nasikia shaba ni nyingi kama kwetu na mashimo pia. Alikuwa amekunjana kwenye benchi kama kisu cha mfukoni. Munganga Mukuna alisimama karibu naye, kofia ya kupasulia tayari kichwani.

"Ni apandisiti, mama, ile kidole ya tumbo. Inataka kupasuka. Mbele ya saa tisa nitamupasua. Saa tisa ikipita, nitamuombea tu."

"Umupasue basi. Uzi nilisha kununua."

"Kitanda, mama. Meza ya kupasulia ilivunjika. Tunapasulia pa kitanda ya Ekspatrie, sababu njo ile moja yenye kutembea mpaka mu chumba ya kupasulia. Na kuko mutu analala pale."

Nilimwelewa. Thamani ya kitanda naijua: changu kilizama mwaka ule jirani alipochimba kobalti jikoni mwake akatokea chumbani mwangu. Tangu siku hiyo nalala kwa tahadhari.

Gonzalo alikuwa kwenye simu na asiransi yake, sauti ikisikika kwa wote. Binti wa asiransi alikuwa mpole sana. Alikuwa amemwomba Gonzalo ataje herufi za jina lake mara kumi na moja, na kila mara alishukuru. Alisema ndege iko tayari kumpeleka Johannesburg, mradi munganga aandike kwamba mgonjwa ana nguvu za kusafiri ameketi. Mukuna akamwambia mtu mwenye nguvu za kusafiri ameketi asingeitiwa ndege. Binti akasema maneno hayo atayaweka kwenye sehemu ya maoni. Akauliza kama mgonjwa yuko karibu na hospitali.

"Yuko ndani yake," alisema Mukuna.

"Vizuri sana. Je, kuna mtu wa familia?"

Gonzalo akaninyoshea simu.

"Mi njo mama yake," nikasema.

"Umezaliwa wapi, mama?"

"Sandoa."

Tukamsikia akiandika. "Na yeye?"

"Yeye alizaliwa mbali na mi kidogo."

Binti akatuwekea muziki. Ulikuwa muziki mzuri. Tuliiacha simu kwenye benchi ikituimbia.

Nikatia saini karatasi ya kupasuliwa, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, herufi zimesimama wima kama askari. Gonzalo alinitazama. Kiswahili chake ni cha kwenye mashine, maneno machache, yote ya lazima.

"Mama. Mi nakufa?"

"Hapana, mwana. Barua yangu hainipe ruhusa ya kupoteza mutoto mu mwezi ya kwanza."

Akashika ncha ya kikwembe changu, hakuiachia. Ilibidi nimwachie kitambaa chote cha juu ndipo niende kwa ndugu yake.

Fishi ya mtoto wa chumba, karatasi yake ya kulazwa, ilisema hivi: Bwana Silva, wa Brésil, mshauri wa madini. Hasikii Kiswahili. Hasikii Kifaransa. Asisumbuliwe. Ugonjwa: jipu, mahali pa kukalia. Alikuwa ameletwa alfajiri na ambulansi yenye mapazia. Nilimkuta amelala kifudifudi, kofia mpaka masikioni, miwani nyeusi, barakoa mpaka machoni, klimatizeri ikimpulizia kwenye kidonda. Redio ilikuwa dirishani, ikisoma habari: Direkta Polycarpe yuko Sandoa kwa ziara ya siku nne, anakagua vituo vya afya. Mbrazil akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeridhika na habari hizo.

Niliinama kuweka beseni chini ya kitanda. Palikuwa na viatu. Ngozi ya mamba, ncha ndefu. Cha kushoto hakina bizimu.

Nisieleweke vibaya. Viatu vya mamba ni vingi Kolwezi, walioisha ni mamba. Na mama wa daraja la pili hana mamlaka ya kumtambua Direkta. Direkta yuko Sandoa, redio imesema, nami redio naiheshimu. Huyu alikuwa Mbrazil, na kwa ibara ya tisa, mimi ndimi mama yake.

"Mwana Silva," nikamwambia, "pa koridori kuko ndugu yako. Anatoka Chile, ni upande ya kwenu. Tumbo yake inataka kupasuka, na munganga anataka hii kitanda. Jipu banaweza kuipasua hata umesimama."

Hakutikisika.

"Hasikie, mama," akasema Rachelle, akinikonyeza. "Fishi inasema."

Nikafunua sufuria ya sombe na samaki, nikaupeleka mvuke wake puani mwake. Koo lake likapanda, likashuka, likapanda tena. Rachelle akatoa kalamu ili aandike kwamba huyu si Mbrazil. Nikamkataza, kwa maana haki ni haki: nasikia Brésil pia wanakula muhogo.

Rachelle akajaribu kwa ujuzi wake. Akainua sindano, akaniambia kwa sauti kubwa kwamba sindano za wagonjwa zimeisha, hii ni ya ng'ombe, na ataichoma palepale kwenye jipu. Makalio ya Mbrazil yakakaza kama ngoma. Lakini makalio hayana lugha, hatukuandika.

Ikafika saa nane na nusu. Kule koridori Gonzalo aliacha kulia. Mukuna akachungulia mlangoni, uso umemshuka.

"Amenyamaza, mama. Sipende vile anyamaze."

Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi wa mgonjwa, nikanyosha miguu, nikasema na Rachelle kama wanawake wanavyosema kwenye bomba la maji.

"Rachelle, ulisikia habari ya ku biro? Direkta eko Sandoa, si vile? Basi Josias amekaa mu kiti yake."

Josias ni naibu wa Direkta. Miaka tisa anafanya kazi kwenye kimeza kidogo nyuma ya mlango, na kila mlango ukifunguliwa unampiga begani. Kama alikuwa amekaa kwenye kiti siku ile, sijui. Lakini miaka tisa ni mingi.

Rachelle ni msichana mwepesi. "Ile kiti yenye kuzunguka?"

"Ile ile. Anazunguka nayo tangu asubui. Anasema ilikuwa chini mingi, ameipandisha."

"Na foto ya Direkta ku ukuta?"

"Ameitosha, ameiweka chini."

"Akaweka ya nani?"

"Ya yeye na muke yake. Bamevaa sawasawa."

Chini ya barakoa pakasikika kikohozi. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Josias?" likasema jipu. "Josias mu kiti yangu? Nani alimupa lufungulo?"

Na Mbrazil akawa amesimama katikati ya chumba, barakoa kidevuni, kiatu kimoja mkononi, gauni la hospitali limefunguka nyuma, klimatizeri ikipuliza bila upendeleo.

"Mguu moja chini," nikahesabu. "Ya pili chini. Ibara ya kumi."

Mukuna hakungoja nimalize. Yeye na wabebaji wawili waliingia na Gonzalo, wakamlaza, magurudumu yote manne yakaanza kuzunguka. Saa ya ukutani ilisema bado dakika ishirini. Munganga alikuwa na wakati.

"Tata Direkta," Rachelle akauliza kwa adabu, "haukwende Sandoa?"

Mtu mwingine angeona haya. Lakini huyu alikuwa mtumishi wa serikali, na fishi yake ilikuwa na kashe tatu, zote za kweli. Alipandisha barakoa, akafunga gauni kwa mkono wa nyuma.

"Direkta gani?" akasema, kwa Kiswahili kizuri cha redioni. "Mimi ni mtu wa Brésil."

"Pole, tata," akasema Rachelle. "Kama ulikuwa Direkta, tungekupa nafasi Pavioni Tatu. Kuko nusu kitanda, upande ya miguu. Lakini kwa mugeni, ibara ya nane inakataza."

Alifikiri. Niliona akifikiri. Upande mmoja kulikuwa na Pavioni Tatu pamoja na wananchi, upande mwingine kulikuwa na kusimama mpaka jipu lipone lenyewe. Akachagua kusimama.

Kitanda kilikuwa kinapita mlangoni. Gonzalo, mweupe kama chokaa, kikwembe changu bado mkononi, alisikia neno Brésil. Akainua kichwa. Akatabasamu, kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao mbali na nyumbani, akamwomba Mukuna asimamishe kitanda kidogo tu.

"Brésil, tata? Mi Chile. We, Brésil fasi gani?"

Direkta akaangalia ukuta. Akaangalia redio. Akaniangalia mimi, mama yake.

"Karibu na Lubudi," akasema.