Njia Kumi na Mbili za Kumfukuza Msomaji

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Tusipomwonyesha huduma mpya, chumba cha watoto cha maktaba yetu kinageuzwa stoo ya mafaili. Chumba changu! Nina miaka kumi na tano, najua, lakini mle hakuna anayenisemesha.

Shangazi, ambaye ndiye mkutubi, kaitisha kikao cha kuchemsha bongo: yeye, mlinzi, binamu yangu Spika, na mimi. Sheria: kila wazo litajwe, marufuku kucheka. Spika katoa saba bila kuvuta pumzi. Mlinzi kapendekeza huduma ya kulala mchana; eti wasomaji mbona wanalala tayari, tuwape mito tu. Aliyetunga sheria ndiye wa kwanza kucheka.

Mimi nilikuwa na hotuba. Niliiandaa kwa lugha mbili. Zote mbili zikanikimbia. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu mpya! Shangazi kaisoma kitabuni: tujiulize namna ya kuwafukuza wasomaji, kisha kila jibu tuligeuze juu chini. Tena kwa kuandika. Spika kaandika mawili, akabaki anatafuna kalamu. Mimi kumi na mawili!

Namba moja: mkaripie kabla hajaketi. Namba nne: vitabu vizuri vifungie kabatini, ufunguo upotee. Namba kumi na mbili ilitoka yenyewe: mlazimishe aseme kwa sauti, mbele ya foleni, kitabu anachotaka. Miaka miwili nakitaka kile cha kigugumizi. Jina lake lenyewe silifikishi mwisho.

Shangazi kasoma, kaniangalia sana, kasema orodha yangu niinakili kwa kalamu nene. Spika kanuna. Raha!

Jumatano, 5 Machi

Nimekabidhiwa karatasi mbili za kubandika, zote zina mhuri, maana Shangazi habandiki kitu bila mhuri. "Karibuni" iende mlangoni, orodha yangu chumba cha nyuma. Nikiwa mlangoni, msichana wa darasani kwetu akatokea ngazini. Akanisalimia! Nikabandika iliyokuwa mkononi, nikatoroka. Mradi kazi imefanyika.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi alifika saa tatu, akagoma kuvuka mlango. Alikuwa anasoma orodha yangu. Kwa kalamu nyekundu! Nilihesabu nikiwa nyuma ya rafu: tiki tisa. Akasema kwa upole kwamba hizi tisa kaziona zinatekelezwa. Namba moja katekelezewa yeye mwenyewe, getini. Mlinzi akajifanya anafunga kamba za viatu. Amevaa ndala.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha watoto. Sijawahi kumwona hivyo.

Nikatoka. Nilisema ni mimi, na kwamba orodha ni ya ku-ku-kugeuza. Neno moja, dakika nzima. Spika alitaka kunimalizia; Shangazi akamkanyaga mguu. Nikamaliza mwenyewe.

Mkaguzi akauliza namba kumi na mbili inageuzwaje. Nikamwandikia: kuwe na sanduku mezani. Msomaji anaandika kitabu anachotaka, anapewa kimefungwa kwa gazeti, haulizwi kitu. Akasoma mara mbili. Akasema sanduku likipata maombi arobaini kwa mwezi, chumba kinabaki.

Jumamosi, 8 Machi

Maombi mawili. Moja la mlinzi: hadithi za mapenzi, naomba zifungwe kwa magazeti mawili. La pili langu. Shangazi kanipa kifurushi, kanishika shavu. Juu kaandika: "Usikirudishe haraka."

Lakini mawili! Arobaini yatafika lini? Basi nimeshaandika thelathini na nane mengine, kila moja na mwandiko wake, kumi kwa mkono wa kushoto. Kazi safi. Na ili yasitiliwe shaka, yote nimeyagonga mhuri wa Shangazi.