Inchi Mbili za Kumshinda Kinyozi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekata shauri. Televisheni bapa itanunuliwa. Si kwa starehe yangu, watu wasije wakanisingizia. Ni kwa ajili ya Baba.

Tangu televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo, ilipofuka moshi na kukata roho, Baba ana mtindo mmoja. Jioni ikifika anachukua fimbo, anavuka uchochoro, anaingia kwa Kinyozi. Kinyozi ana bapa kubwa ukutani mwa banda lake. Baba anarudi amechangamka kama mtu aliyetoka harusini, anatutakia usiku mwema, analala. Mimi ndiye mwanawe wa pekee! Mama alipofariki, mimi ndiye niliyemchukua Baba, nikampa chumba chenye dirisha. Kinyozi kampa nini? Stuli!

Jana nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimwita Kinyozi "mwanangu". Sindano ilinichoma kidole. Suruali ya mwalimu mkuu nimeishona mfuko ukafunga kabisa, hata njiti ya kiberiti haipenyi. Nitamwambia ndiyo fasheni.

Mke wangu kaafiki tununue. Ila ndogo, kasema, maana sebule yenyewe ukinyoosha miguu umelipiga teke jiko. Nikamjibu ndiyo. Ile ndiyo ya mdomoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Huwezi kumshinda mtu usiyemjua kimo. Nimekwenda kwa Kinyozi na tepu shingoni. Nikamwambia mapazia yake yananitia simanzi kila nikipita, nataka nimshonee mapya, bure, ujirani mwema. Akashukuru sana. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, hakuweza kunifuatilia.

Nikapima dirisha. Nikapima mlango. Kisha tepu "ikaniponyoka" ikatua kwenye televisheni. Ukingo wa kushoto hadi wa kulia: inchi arobaini na nane. Mkono wa fundi huu, miaka ishirini na mbili unapima viuno vya watu na haujawahi kulalamikiwa. (Mwalimu mkuu bado hajavaa.)

Baba alikuwa kwenye stuli yake, hakuna kinachompita machoni. Akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kama televisheni nayo inashonewa suruali. Banda zima likaangua kicheko. Nikaeleza kwamba pazia la kisasa hukatwa kwa kuzingatia vyombo vya jirani yake. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeelewa pia.

Basi nitanunua ya hamsini. Inchi mbili zaidi. Zinatosha. Aliyezidiwa ukucha kazidiwa.

Hasara ndogo: Kinyozi kanifuata hadi nyumbani kuchagua kitambaa. Kachagua kizito. Anataka na marinda.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dukani. Televisheni arobaini ukutani, zote zinaonyesha samaki yule yule. Dada wa dukani, mdogo tu, kalamu sikioni, akaniuliza kutoka kwenye kiti hadi ukutani ni hatua ngapi. Nikamwambia sikuja kupimwa macho. Akasema kwa sebule ndogo angeshauri arobaini na tatu. Hapo nikahisi kabisa mke wangu kamtangulia kumpigia simu. Nikasema hamsini, tena kwa mkazo.

Boksi lenyewe kubwa kama mlango! Nimekodi mkokoteni, nikaagiza tupite mbele ya Kinyozi mara mbili. Mwenye mkokoteni akalalamika kwamba nyumba tumeiacha nyuma. Nikamwambia asukume tu. Kinyozi akatoka na wembe mkononi akasema hongera sana, jirani. Sikuipenda ile hongera. Ilitoka moyoni.

Tukafungua. Mke wangu akasema hata hii ni kubwa. Baba akaizunguka, akainama, akasema ni nzuri, tena ina umbo dogo la kupendeza.

Dogo?

Nikachomoa tepu. Arobaini na tatu na nusu! Nikapima tena. Vile vile! Nimeibiwa inchi sita na nusu mchana kweupe. Ya Kinyozi bado inaizidi yangu, na mimi nimeitembeza mtaani mara mbili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeirudisha. Nikasimama katikati ya duka, nikapaza sauti. Nikawauliza: mtu akitaka suruali ya kiuno hamsini, nikampa ya arobaini na tatu, ataivaa wapi, mkononi? Wateja wakawa upande wangu. Bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akasema dunia imeharibika, hata sabuni siku hizi wanaipunja. Nikapata nguvu. Nikataja polisi.

Dada wa dukani akanisogelea. Akanivua tepu shingoni, taratibu, kama anayemvua mtoto kofia. Akaweka ncha moja kona ya juu, akaivuta kwa mshazari hadi kona ya chini upande wa pili. Akaniita nisome mwenyewe.

Hamsini. Kamili.

"Televisheni hupimwa kona kwa kona, kaka yangu," akasema. "Dunia nzima."

Watu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Yule bibi akabaki ananitazama. Akauliza, kwa upole wa kuumiza, gauni lake la harusi ya mjukuu nimelipima vipi. Mchana kaja kibandani kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata.

Lakini mwenye akili huokota hata pale alipoangukia. Kama hamsini ni arobaini na tatu na nusu, basi arobaini na nane ya Kinyozi ni hamsini na tano. Dawa yake ni sitini na tano! Nikaonana na meneja. Nyongeza nitalipa kwa mikono yangu: mashati ya sare kwa wafanyakazi wote, mawili mawili. Wako kumi na watatu. Mke wangu nimemwambia wamenibadilishia kwa kuniomba radhi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Imefika. Seremala kaja kuitundika. Akauliza ukuta una inchi ngapi. Nimepima madirisha ya Kinyozi, milango ya Kinyozi, televisheni ya Kinyozi. Ukuta wangu sikuupima. Nani hupima ukuta wake?

Hautoshi. Ama izibe mlango, ama izibe dirisha. Nikachagua dirisha. Kwani lilikuwa linatuonyesha nini zaidi ya tangi la maji la jirani?

Saa saba mchana tumewasha taa. Mke wangu akauliza hewa sasa itaingilia wapi. Nikamwambia kuna kipindi cha bahari, upepo tele. Hakucheka. Akasema, "Mume wangu, siku moja utatundika jua ukutani, halafu utatuambia tumefika."

Ila jioni! Baba hakushika fimbo. Akakaa kwenye kochi, mkono wangu wa kulia. Nikatangaza kimya. Tumekaa karibu nayo mno, ni kweli. Pua ya mtangazaji ilikuwa kubwa kuliko kichwa changu. Mpira ulipoanza, Baba alikuwa anageuza shingo kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Akauliza yule mchezaji mrefu ni nani. Nikamwambia atazame tu, atajua. Akaanza kusema kwamba zamani yeye alipokuwa… Nikamwekea kidole mdomoni, kwa heshima, maana kona ilikuwa inapigwa. Baadaye kidogo akasinzia. Kasinzia kwangu, siyo kwa Kinyozi!

Ushindi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Baba kashika fimbo. Nikamuuliza wapi. Kunyoosha miguu, kasema. Miguu ikanyooka moja kwa moja hadi kwa Kinyozi!

Nikachukua yale mapazia, marinda na yote, yawe sababu. Nikachungulia mlangoni. Televisheni nyeusi. Taulo limetundikwa juu yake. Nikamnong'oneza aliyekuwa karibu, akanijibu kwamba imeungua tangu Jumatano. Jumatano! Siku nne nimepigana na maiti.

Na Baba? Katikati ya banda, kwenye stuli, fimbo hewani, anasimulia siku aliyoliendesha gari la kushindilia barabara likakataa breki juu ya mteremko, chini kuna mto. Watu sita wanamsikiliza. Mmoja kanyolewa nusu kichwa na wala hana habari. Kinyozi kasimamisha wembe: "Enhe, mzee wangu, sasa hapo ukafanyaje?"

Mimi kisa hicho sijawahi kukisikia. Nikayaacha mapazia mlangoni nikaondoka. Mwisho wa lile gari sikuujua.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Asubuhi nimemuuliza Baba waziwazi, ana nini na Kinyozi. Hakukasirika. Akapuliza chai yake, akasema, "Mwanangu, kule naulizwa. Hapa naonyeshwa."

Mke wangu akaweka kikombe chini. Akasema, "Umesikia lakini?"

Nimesikia vizuri kabisa. Nimeyatafakari maneno hayo mashati manne mazima. Mtu anataka kuulizwa. Ni haki yake, mzee wa watu. Mimi mwanawe ndiye wa kumtimizia, siyo Kinyozi.

Mchana nikaenda dukani. Dada wa dukani aliponiona akaivua tepu yangu shingoni kabla sijasalimia. Nikamweleza shida ya mzee. Kumbe zipo! Toleo jipya. Unaiongelesha nayo inakuitikia. Ukiiwasha tu inakuuliza wewe mwenyewe, kwa sauti ya adabu, ungependa kutazama nini. Inauliza! Kila jioni, bila kuchoka, bila wembe mkononi. Inchi sabini na tano, kona kwa kona, nimepima kabla ya kusema lolote. Meneja kauliza kama nashona na suruali. Nikasema kwani mimi nani.

Wataileta Ijumaa. Mlango tutautumia wa uani.

Jioni Baba hakwenda popote. Kaja kibandani, kasimama karibu na cherehani, akaanza kunieleza lile gari la kushindilia liliishia wapi. Nikamwomba aniwie radhi, nina suruali kumi na tatu mbele yangu. Avumilie siku tatu tu, ataisimulia televisheni.