Propela juu ya sufuria la pweza

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, mchana kweupe, katikati ya maji. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana botini tulikuwa watu saba na sita kati yetu ni wa ukweni.

Mnaijua boti yangu ya hapa Sudi. Mashine yake ni ya zamani, farasi arobaini, ile ya kuchanganya petroli na oili, na inakunywa mafuta bila haya. Wiki iliyopita fundi mmoja akaniambia dawa yake ni propela yenye mabawa yaliyokunjwa zaidi. Kila ikizunguka mara moja inaisukuma boti mbali zaidi, kwa hiyo mafuta yanapungua. Nikanunua. Nikaijaribu peke yangu, boti tupu, ikaruka kwelikweli. Nikatangaza kijiweni kwamba shida ya mafuta nimeimaliza (nilichora hata mchoro mchangani, mnakumbuka). Ile ya zamani nikaitupa uani kwa mama mkwe.

Leo kulikuwa na akika ya mtoto wa shemeji yangu, Mtanda, Lindi mjini. Mtoto kapewa jina la marehemu baba mkwe. Mama alitaka jambo moja tu: ampakate mtoto yeye mwenyewe wakati ananyolewa. Na shehe alishasema shughuli ni saa nne kamili, kwa sababu baadaye ana ndoa ya kufungisha. Mama alitaka kupanda basi la alfajiri.

"Achana na basi, mama," nikasema. "Nitakufikisha kwa mashine." (Mdomo huu.)

Tukapakia: mama, mke wangu, mashangazi zake wanne, magunia mawili ya nazi na sufuria kubwa la pweza wa nazi. Juu ya mfuniko mama aliweka kitu kizito, kakifunga kwenye kitambaa. Mimi nimevaa kanzu mpya.

Tumetoka tu, mashine ikaanza kuguna. Boti pua juu, nyuma chini, haitaki kupanda juu ya maji. Nikaongeza moto, ikaguna zaidi. Robo ya safari, dumu la lita ishirini limefika nusu, na akiba ni lita tano. Nikapiga hesabu kichwani. Mafuta yangeisha kabla hatujaiona Lindi.

Mtumbwi wa tanga ukatupita. Mwenyewe akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakapata na nafasi ya kuulizana hali za watoto.

"Mkwe," mama akaniita taratibu, "juzi ukiwa peke yako ilikimbia. Leo ina nini?"

"Mzigo, mama. Hii propela inataka boti nyepesi."

Nilipolitamka ndipo na mimi nikalielewa. Boti ya kubeba watu na mizigo nimeifungia propela ya matembezi.

"Na ile uliyoitupa kwangu?"

"Ile ndiyo ilikuwa yake."

Mama akafungua kile kitambaa juu ya sufuria. Propela yangu, imepakaa tui. "Nikaona chuma kizuri," akasema, "kinashika mfuniko."

Sikujua nicheke au nilie. Nikasogeza boti kwenye fungu la mchanga, maji ya mapajani, nikainua mashine na kushuka na spana. Kanzu sikuivua. Navuaje nguo mbele ya mama mkwe? Nikafungua pini, nikaiuma kwa meno. Nikatoa propela mpya, nikavika ya zamani, mkono mmoja umeshika propela, mwingine umeshika nati. Hapo ndipo likaja wimbi kwa nyuma.

Kanzu yote ikapanda kichwani.

Nikabaki gizani ndani ya kanzu yangu, na nje, kwenye jua la saa tatu, imebaki bukta. Bukta yenyewe ina tundu nyuma (kubwa, nisiwafiche). Nikiachia nati, inazama na hatufiki. Nisipoachia, mnaona wenyewe. Nikaishika nati.

Nikasikia shangazi mmoja anakohoa kikohozi ambacho si cha kifua. Halafu sauti ya mama: "Geukeni wote." Mke wangu akaniambia baadaye kwamba mama alivua kanga yake ya juu, akaitandaza nyuma ya boti kama pazia, na yeye mwenyewe akatazama upande wa pili mpaka nilipomaliza.

"Kaza vizuri, mwanangu," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Nilikaza. Mashine ikawaka, boti ikapanda, na tukatia nanga Lindi mafuta yakiwa bado yapo chini ya dumu. Tulipoingia Mtanda wembe ulikuwa tayari mkononi mwa shehe. Mama akampakata mjukuu, akamwita kwa jina la mumewe, akalia. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Namshukuru mkwe wangu, amenifikisha." Jamani, nilitaka kulia na mimi. Angeweza kuwasimulia yote. Hakusema neno, na sidhani kama nitamlipa fadhila hiyo.

Wakati wa kuondoka akaniita pembeni, akanitilia kifurushi mkononi. Nimekifungua sasa hivi. Ni kitambaa, yadi mbili, kizito, cha bluu.

"Kashone bukta," alisema. "Sijaona kitu, lakini kashone."